Nani Alishika Mizani? Historia Fupi ya Kupimwa kwa Kazi, Kabambare na Kasongo

Wandugu, mnajua ile sehemu ya CV ambako sisi wote tunakwamaka. Jina tunaandika. Mahali pa kuzaliwa tunaandika: Kasongo, Samba, Lusangi, Wamaza, Salamabila. Masomo tunaandika kwa herufi kubwa, pamoja na mwaka wa diploma ya État na asilimia, hasa kama asilimia ni nzuri. Kisha tunafika pale pa "uzoefu wa kazi", stilo inasimama. Mmoja anaandika "hakuna". Mwingine anaongopa kidogo. Wa tatu anafunga ile karatasi na kusema atarudi kesho.

Siku hizi kuna vyombo vya kumsaidia mtu kama huyu. Inaweza kuwa karatasi ya maswali, ama programu kwenye simu. Mtu anajiuliza mwenyewe: najua nini, naweza nini, napenda nini, nashindwa wapi, na kazi gani inaendana na hayo. Kujipima, kwa neno moja. Tulipoanza kuongea juu yake katikati yetu, wengi walicheka. Walisema hiyo ni michezo ya Wazungu, kazi iko kwa mwenye mjomba ndani ya ONG. Nilitaka kujibu kwa mistari miwili. Nikaona jibu linaanzia mbali, kwenye karne ya 19, juu kwetu kupimwa kwa ajili ya kazi ni jambo la zamani sana. Kipya ni kimoja tu: anayepimwa ndiye anashika mizani.

Tuanze barabarani. Misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda mpaka Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe. Kilichofuatwa ni pembe za ndovu, na pembe ilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, kilo 30 na kitu. Kwa hiyo mtu naye alipimwa kwa kipimo hicho hicho: ana mabega ya frasila mbili ama hana. Hiyo ndiyo CV yote.

Lakini kwenye njia ile ile kulikuwa na watu wa aina mbili. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi kwa ufundi, kazi yao toka ujana. Walijua uzito wanaoweza, walijua ni siku ngapi toka kituo mpaka kituo, na kabla ya kuondoka walipatana juu ya mshahara na posho. Mzigo ukizidi, waliuweka chini. Watu wengi wa Manyema, babu zetu, walibebeshwa kwa nguvu, wengine wakiwa mateka, na wengine hawakurudi tena. Ndiyo maana mpaka leo iko Wamanyema Ujiji, Bujumbura, Dar es Salaam na Unguja. Kilo zilikuwa zile zile. Ila mmoja alijipima kabla ya kutoka kwake, na mwingine alipimwa na mtu aliyemshika.

Kuna kisa kimoja cha Kabambare ambacho hatukufundishwaka shuleni. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa pale, mahali alipoandika kwa jina la Bambarre. Alikuwa amekwama miezi mingi, vidonda miguuni, akingojea watu kutoka pwani. Mwezi wa pili wakafika watu kumi. Wengi wanakumbuka Livingstone na vidonda vyake, lakini mimi nawakumbuka wale kumi, juu walikataa kusonga mbele mpaka waongezewe mshahara, na mzee akaongeza. Sasa sikilizeni vizuri: wale watu walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar. Kisheria hata mshahara wenyewe haukuwa wao. Bado walijua kwamba bila wao yule mzungu hafiki popote, na wakaweka bei. Kwa Kabambare, sijui mgomo wa mshahara ulioandikwa kabla ya ule.

Na kwa sababu tumetaja kuongopa kwenye CV, tusimsahau Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa makao yake. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza bila haya ginsi alivyopata utawala wa Utetera. Alikusanya habari za ukoo wa chifu Kasongo Rushie, kisha akajitokeza na kusema bibi yake ni wa ukoo ule, alitekwa zamani. Mzee akamwamini, akamwachia nchi. Mimi naita hiyo CV iliyotengenezwa vizuri kuliko zote katika historia ya eneo letu. Ilifanikiwa juu alikuwa na bunduki nyuma yake. Wewe mwenye nia ya kuandika "miaka mitano ya uzoefu" na huna hata mmoja, kumbuka hauna bunduki.

Dhanis aliingia Nyangwe mwezi wa tatu 1893, na Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne. Kabambare ikaanguka mwanzo wa 1894. Wenye mizani wakabadilika, mizani ikabaki. Leta ilitaka wapagazi, kisha watu wa reli ya Kindu mpaka Kongolo iliyomalizika 1910, kisha watu wa migodi na wa pamba.

Kwa kuwahesabu, wakoloni walitengeneza herufi tatu: HAV, homme adulte valide. Mwanaume mzima mwenye nguvu. Agent wa teritware anafika kijijini, chifu anapanga watu, wanahesabiwa: HAV wangapi? Katika miaka ya 1920, kampuni zilipokuwa zinamaliza vijiji, kule juu walikaa na kuweka mipaka ya asilimia ngapi ya HAV waweza kuchukuliwa bila kijiji kufa. Nimefikiria sana juu ya ile "valide". Haiulizi unajua nini. Fundi wa chuma, mtu anayejua mito, mwalimu wa Kurani wa Kasongo, mkulima wa mpunga: wote HAV mmoja mmoja. Mwanamke hayuko hata kwenye safu, ijapokuwa yeye ndiye analisha hao HAV wote.

Mtu akiajiriwa alikuwa na kitabu, livret. Sheria ya tarehe 16 mwezi wa tatu 1922 juu ya mikataba ya kazi ndiyo ilishika mambo hayo kwa miaka mingi, na kuacha kazi kabla ya muda kuliweza kukufikisha gerezani. Ndani ya livret aliyeandika ni bosi. Historia yako ya kazi iko mfukoni mwako, lakini kalamu si yako. Na ambaye hakuajiriwa alikuta pamba inamngojea. Toka 1917 kulikuwa na mazao ya lazima, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, 1942, zikafika 120. Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza za pamba katika Kongo nzima. Mkulima wa Kasongo alijifunza udongo gani unaikubali, mvua gani inaiharibu, namna ya kuchanganya mashamba ili watoto wasife njaa. Ujuzi huo wote, kwenye daftari la Leta, ulionekana kama kilo za pamba.

Kisha wakaja wale walioitwa évolués, na hapa ndipo sisi wenye diploma tunapaswa kuangalia kioo. Mwaka 1948 ilianzishwa carte du mérite civique, na 1952 ikaja immatriculation, daraja ya juu zaidi. Ili kuipata, tume inachunguza maisha yako: unakula namna gani, nyumba iko safi, mke wako anaongea nini, watoto wanavaa nini. Patrice Lumumba, ambaye alifanya kazi ya karani kule Kalima kwa kampuni ya Symétain kabla ya kwenda Stanleyville mwaka 1944, alipitia pale. Alikuwa karani wa posta, anaandika kwenye magazeti, anaongoza vyama. Hakuwa na diploma kubwa, mingi alijifunza mwenyewe usiku. Mara ya kwanza walimkatalia. Akapeleka malalamiko juu, akakubaliwa 1954. Kwa Kongo nzima, waliopata immatriculation mpaka mwisho walikuwa mia chache tu. Mizani ilitengenezwa ili wachache wapite, na waliopita walikuwa na kazi ya kuendelea kuonyesha kwamba walistahili kupita.

Miaka hiyo hiyo wanasaikolojia nao walifika na majaribio yao. Anayejulikana zaidi ni André Ombredane, aliyepima akili za Wakongo kwa picha zenye kipande kinachokosekana: unatazama mchoro, unachagua kipande cha kuukamilisha. Viwanda na jeshi vilitaka kujua nani afundishwe nini. Kundi la Ombredane likafanya jambo moja la busara, likarudia jaribio lile lile kwa watu wale wale wa Kasai zaidi ya mara moja. Alama zikapanda. Watu hawakupata akili mpya kwa muda ule mfupi. Walizoea tu ile michoro. Kumbe sehemu kubwa ya kilichopimwa mara ya kwanza ilikuwa ugeni wa karatasi. Mshike hilo, nitalirudia.

Sasa turuke bahari kidogo, juu wazo la mtu kujipima lina kwao. Boston, Marekani, mwanzo wa 1908, Frank Parsons alifungua ofisi ya kusaidia vijana kuchagua kazi. Mji ulikuwa umejaa watoto wa wahamiaji waliokuwa wanashika kazi yoyote wanayokutana nayo. Parsons alikufa mwaka ule ule, kitabu chake kikatoka 1909. Njia yake ilikuwa hii: kwanza kijana ajifahamu, kisha afahamu kazi zenyewe zilivyo, kisha afikiri vizuri ginsi ya kuunganisha hayo mawili. Aliwapa maswali mengi ya kwenda nayo nyumbani, mpaka juu ya kucha na usafi wa shati, na akawaambia wajitazame kwenye kioo kisha waulize watu wa nyumbani kama majibu ni ya kweli.

Baadaye John Holland, ambaye wakati wa vita ya pili alikuwa jeshini akihoji askari wapya ili wapangiwe kazi, aliona watu wanarudi rudi katika aina sita hivi. Mwanzo wa miaka ya 1970 akatoa chombo ambacho mtu anajaza mwenyewe na kujihesabia alama mwenyewe, bila mtaalamu mezani. Mnaona? Jeshini alikuwa upande wa mizani, kisha akaiweka mikononi mwa anayepimwa. Na Richard Bolles, kasisi wa San Francisco, alifukuzwa kazi mwaka 1968. Akaanza kuandika kwa ajili ya makasisi wenzake waliokuwa wanapoteza kazi, akachapa mwenyewe 1970. Hicho kitabu cha shomeri mmoja kimeuzwa kwa mamilioni. Ufaransa wao waliweka hesabu ya uwezo wa mfanyakazi ndani ya sheria, mwisho wa 1991.

Kwa hiyo anayesema ni mambo ya Wazungu ana haki kwa upande mmoja: maswali yalizaliwa Boston na Paris, kwa watu wenye viwanda na ofisi mbele yao. Sisi mbele yetu kulikuwa na nini?

INPP iliundwa 1964 kufundisha watu ufundi. Mwaka 1976 kampuni za Symétain na Cobelmin ziliungana kuwa SOMINKI, na ngazi za kazi zikajulikana hata na watoto, toka manœuvre ordinaire mpaka cadre. Bei ya bati ikaanguka 1985, na kufika 1997 SOMINKI ilikuwa imekwisha. Namoya, kule Salamabila katika teritware ya Kabambare, ikaingia mikononi mwa Banro. Dhahabu ikaanza kutoka kwa hesabu ya kibiashara Januari 2016, na 2019 kazi zikasimama, baada ya utekaji nyara na vita ya njia. Watu waliotoka pale walijua mashine, usalama wa mgodi, kupima udongo, kupika kwa mamia ya watu. Wengi walirudi nyumbani na jina la cheo tu, na cheo bila kampuni ni maneno matupu. Swali la "ulikuwa nani pale" lina jibu fupi. "Ulikuwa unafanya nini toka asubuhi mpaka jioni" ndilo lina jibu refu lenye faida.

Kasongo mjini kulikuwa na kitu kingine. Toka 1971, waganga wa chuo cha tropiki cha Antwerpen pamoja na watu wa hapa walijenga utaratibu wa vituo vya afya ambao ulisaidia kuzaa wazo la zone de santé kwa nchi nzima. Mwaka 1981 gazeti kubwa la waganga, The Lancet, lilitoa utafiti juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Aliyesaini si mtu mmoja. Wamesaini kwa jina la timu: Kasongo Project Team. Nilipoona hiyo nilifurahi, kisha nikafikiri. Utafiti kama ule unataka mtu anayejua kila njia ya kijiji, anayeandika umri wa mtoto bila kukosea hata kama mama hakumbuki tarehe, anayerudi tena nyumba ile ile baada ya miezi. Huo ni ufundi. Uliza wazee wa mji kama wanauita kazi.

ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, iliundwa 2002, na code ya kazi ikatoka mwaka ule ule. Kuandikisha watafuta kazi ni jambo jema. Lakini karatasi bado inaanza na diploma.

Tuseme basi dada mmoja wa Kabambare, mwenye diploma ya pédagogie, shomeri miaka mitatu. Anachukua mawese na mpunga Kabambare, anauza Kasongo. Anashika kaye ya likelemba ya wamama ishirini, na hakuna aliyewahi kulalamika juu ya feza yake. Mwaka 2023 aliandikisha wachaguzi kwa CENI. Mpe chombo kilichotafsiriwa kutoka Ulaya, kitamuuliza kama amewahi kusimamia bajeti, kama amefanya kazi katika timu ya mradi. Atajibu hapana, hapana. Si kwamba anaficha. Yale maneno hayajawahi kukaa juu ya kazi yake. Ni ile michoro ya Ombredane tena: kinachopimwa ni ugeni wa karatasi. Muulize kwa Kiswahili chetu: nani alikuachia feza yake, kiasi gani, na ulimrudishia siku gani? Barabara ilipokatika, mzigo ulifika namna gani? Watu waliokuja kujiandikisha bila kitambulisho uliwafanyia nini? Ataongea saa nzima, na ndani ya ile saa iko CV ya kurasa mbili.

Mtaniambia: sawa, ajifahamu, na kazi iko wapi? Hapo sina dawa, na historia hainipi. Mnyamwezi alipata bei nzuri juu aliweza kuweka mzigo chini na kumsubiri msafara mwingine. Wale kumi wa Kabambare walishinda juu Livingstone hakuwa na wengine. Kujua uzito wako bila kuwa na pa kwenda kunaweza hata kuumiza zaidi. Barabara ya Kabambare ikiwa mbaya na njia haina amani, hakuna karatasi ya maswali itakayoleta kampuni. Ila nimeona upande mwingine pia: mtu anayeandika "hakuna" anakubali lolote, hata ile staji isiyo na mwisho na isiyo na franga. Anayejua anachoweza anauliza maswali kabla ya kusaini, na mara nyingine anaacha.

Kwa hiyo kwa mkutano ujao tumekubaliana hivi. Kila mtu alete kaye moja. Maswali tutayatunga wenyewe kwa Kiswahili, Kifaransa kitakuja wakati wa kuandika CV. Tutajaza mara tatu, kwa majuma matatu, na majibu ya mara ya kwanza hatutayahesabu. Upande wa kushoto unaandika ulichofanya mpaka mwisho, upande wa kulia jina la mtu aliyekuona ukikifanya, kisha unampelekea huyo mtu asome. Akisema umeongeza chumvi, unafuta. Wa Kabambare wasioweza kufika wampe kaye motari yeyote wanayemwamini, tutasoma hapa na kuirudisha.